Soksi Mbili Tumboni: Uchambuzi wa Kisa cha Mbwa Aliyemeza Kitambaa

Kisa hiki kimejengwa juu ya mwendo ambao soksi huufuata mara nyingi ndani ya mbwa: saa za mwanzo za utulivu, siku moja ya matumaini, kisha usiku wa matapishi. Soksi imechaguliwa makusudi. Mbwa akimeza sindano au betri, watu hushtuka na kumkimbiza kwa daktari. Soksi ni laini, haina ncha wala sumu, na kwa sababu hiyo hiyo hupewa muda isiostahili kupewa.

Mbwa ni dume chotara wa miezi 14, kilo 18, mzima, chanjo zimekamilika. Ijumaa saa 1:40 jioni aliokota soksi fupi ya pamba sakafuni. Mwenye mbwa akamfukuza ili amnyang'anye, na mbwa akaimeza nzima mbele ya macho yake. Hakukohoa, hakulia, akarudi kulala mahali pake. Mwenye mbwa akamnywesha vijiko viwili vya mafuta ya kupikia ili "iteleze", akaamua kusubiri itoke yenyewe. Daktari alimwona mbwa huyo Jumapili saa 6 mchana, saa 40 baada ya kumeza.

Saa mbili za kwanza

Kosa la kwanza lilitangulia kumeza, nalo ni kumfukuza. Mbwa mwenye kitu mdomoni akiona mtu anamjia mbio, kitu kile huwa mali ya kugombaniwa, na njia ya haraka ya kukilinda ni kukimeza. Wengi wangekitema wenyewe kama wangeachwa. Kinachofaa ni kusimama, kutafuta kitu anachokipenda zaidi, na kubadilishana naye kwa sauti ya kawaida. Mbwa aliyezoeshwa neno "acha" kwa kulipwa kila anapolitii hutema. Aliyezoea kunyang'anywa kwa nguvu humeza upesi zaidi kila mara.

Kitu kikishamezwa, jambo la kwanza kutazama ni pumzi. Mbwa anayepapasa mdomo kwa miguu ya mbele, anayevuta hewa kwa mlio, au ambaye ufizi na ulimi wake vinageuka rangi ya samawati, amekabwa njia ya hewa. Hapo hakuna muda wa kupiga simu. Mfungue mdomo, na kama kitu kinaonekana na kinashikika, kitoe. Usitie kidole gizani, maana utakisukuma ndani zaidi. Kisipoonekana, mbwa mdogo huinuliwa miguu ya nyuma kichwa kikiwa chini; mkubwa hukumbatiwa kutoka nyuma, ngumi ikiwekwa chini kidogo ya mwisho wa mbavu, na kusukumwa kwa nguvu kuelekea mbele na juu mara tano, kisha mdomo hutazamwa tena. Mbwa wa kisa hiki alipumua sawasawa, kwa hiyo swali lililobaki lilikuwa moja tu: soksi itolewe vipi, na lini.

Jibu lilikuwa mikononi jioni ile ile. Kitambaa kinapofika tumboni hukaa huko kwa muda, na ndani ya saa mbili hadi nne za mwanzo mbwa mzima mwenye akili timamu anaweza kutapishwa na daktari akairudisha soksi kwa njia iliyoingilia. Dawa inayotumika sana ni apomofini, miligramu 0.03 kwa kila kilo ikiingizwa kwenye mshipa. Kwa mbwa huyu ni kama miligramu 0.54. Kichefuchefu huanza ndani ya dakika chache, soksi hutoka imekunjamana na kulowa ute, na mbwa hupewa dawa ya kutuliza kutapika kabla ya kurudi nyumbani. Nyingine zote zilizofuata, dripu, nusukaputi, kisu, nyuzi, zingeweza kuepukwa.

Kutapishwa kunafaa kwa kitu laini, cha karibuni, kwa mbwa aliye macho na anayemeza vizuri. Hakufai kabisa kwa vitu vyenye ncha, ambavyo vitachana umio vikirudi juu. Hakufai kwa betri, kwa vitu vyenye mafuta ya taa au petroli, kwa mbwa aliyelegea au anayetetemeka, na kwa mbwa wa pua fupi daktari hupima mara mbili kabla ya kuthubutu, kwa kuwa matapishi huwaingia mapafuni kwa urahisi. Ndiyo maana uamuzi huu si wa nyumbani. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 huelekezwa wakati mwingine na daktari kwa simu pale ambapo kliniki iko mbali mno, mililita 1 hadi 2 kwa kilo na isizidi mililita 45 kwa jumla hata mbwa awe mkubwa kiasi gani. Lakini huunguza utando wa tumbo na umio hata kwa kipimo sahihi, na ile yenye nguvu zaidi ya asilimia 3 huunguza vibaya. Bila maelekezo ya daktari, iache kabatini.

Maji ya chumvi ndiyo hatari tunayotaka kuisema kwa sauti kubwa. Yakishindwa kumtapisha, chumvi huingia kwenye damu, sodiamu hupanda, ubongo hupoteza maji, na mbwa aliyemeza soksi isiyo na sumu huanza kutetemeka na kupata degedege kwa sababu ya tiba. Kidole kooni huishia kwenye jeraha la koo na kuumwa kwa mwenye kidole. Na mafuta ya kupikia, kama yale ya kisa hiki, hayalainishi chochote: utumbo umeshajaa ute wake wenyewe, soksi haikwami kwa ukavu bali kwa ukubwa. Mafuta huongeza kuharisha, huweza kuchokoza kongosho, na yakinyweshwa kwa nguvu huteleza kwenye njia ya hewa na kuleta nimonia ngumu kutibu. Mbwa huyu alibahatika hapo tu.

Kilichotakiwa Ijumaa jioni ni simu moja, ikiwa na habari tano: uzito wa mbwa, saa aliyomeza, kitu chenyewe na ukubwa wake, kama ametapika, na magonjwa au dawa alizo nazo. Asipewe chakula wala maji mengine mpaka daktari aseme, maana huenda akahitaji nusukaputi. Kisha soksi ya pili ya jozi ile itiwe kwenye mfuko na kupelekwa kliniki. Watu huliona hili kuwa jambo dogo. Daktari akiishika soksi mwenza mkononi anajua unene wa kitambaa, urefu wake, kama ina mpira unaofumuka nyuzi, na anajua cha kulinganisha na kitakachotoka.

Jumamosi, siku iliyodanganya

Asubuhi mbwa alikula bakuli lake lote, akanywa, akacheza, akapata choo cha kawaida. Mwenye mbwa aliona mambo yamekwisha. Kila ishara aliyoitegemea ilikuwa ya kweli, ila hakuna hata moja iliyozungumzia soksi.

Choo cha Jumamosi kilitokana na chakula cha siku zilizopita, kilichokuwa tayari kwenye utumbo mpana. Mbwa aliyezibwa kabisa juu bado anaweza kutoa kinyesi mara moja au mbili mpaka kilichokuwa chini kiishe. Hamu ya kula nayo haisemi lolote wakati kitu kingali kwenye mfuko wa tumbo: soksi huelea humo pamoja na chakula bila kuziba chochote, isipokuwa pale inapojisogeza mbele ya lango la kutokea.

Tumbo la mbwa lina utaratibu wake. Likiwa na chakula, husaga na kupitisha uji na chembe ndogo tu, na vipande vikubwa hurudishwa nyuma visagwe tena. Kile kisichosagika hubaki. Chakula kikishaisha, baada ya saa kadhaa, huja mawimbi makali ya kufagia ambayo hulegeza lango na kusukuma mabaki yote kwenda utumbo mwembamba. Kwa hiyo soksi mara nyingi huondoka tumboni usiku, tumbo likiwa tupu, na mwenye mbwa huamkia matapishi baada ya siku nzima ya furaha.

Ishara ya kwanza ilikuja Jumamosi saa 12 jioni: mbwa alitapika chakula cha mchana ambacho hakijasagika, kisha akala tena kana kwamba hakuna lililotokea. Kwa mbwa ambaye hatujui alichomeza, tapishi moja si la kukimbilia kliniki. Kwa mbwa aliyeonekana akimeza soksi saa 22 zilizopita, ni la kuondoka nalo mlango ule ule. Hili ndilo tofauti, na hapa ndipo kisa kiligeuka. Jumapili saa 10 alfajiri alianza kutapika mfululizo, kwanza maji, kisha nyongo ya manjano. Akakataa chakula. Alisimama ameinamisha kifua hadi sakafuni huku makalio yakiwa juu, mkao ambao mbwa wenye maumivu ya tumbo hupenda kuushika, na ambao hufananishwa kimakosa na kualika mchezo. Anayealika mchezo hutikisa mkia na kuruka. Huyu alibaki hivyo, kimya, akimeza mate.

Alipewa pia nusu kidonge cha kutuliza maumivu cha binadamu, akakitapika. Afadhali alikitapika. Ibuprofeni humtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo, na parasetamoli ina madhara yake kwenye ini na damu; vyote viwili juu ya utumbo ulioziba ni kuongeza kuni.

Kliniki

Jotoridi lilikuwa nyuzi 39.3, juu kidogo ya kawaida ya 38.3 hadi 39.2. Mapigo ya moyo 148 kwa dakika. Ufizi ulinata kidoleni, na ulipobonyezwa ukawa mweupe, rangi ilirudi baada ya sekunde mbili na nusu badala ya chini ya mbili. Ngozi ya mabegani ilipovutwa juu ilisimama kidogo kabla ya kushuka. Daktari alikadiria amepoteza maji ya asilimia 7 ya uzito wake, yaani lita 1.26 kwa mbwa wa kilo 18. Chini ya ulimi alitazama kama kuna uzi ulionaswa. Tumbo lilipopapaswa, mbwa alikaza misuli upande wa kulia katikati.

Damu ilionyesha kloridi 92 na potasiamu 3.1, zote chini. Anayetapika asidi ya tumbo bila kukoma hupoteza kloridi, damu huelekea kuwa ya alikali, na potasiamu hufuata. Mbwa wa namna hii akilazwa kwa nusukaputi kabla ya kusawazishwa, moyo wake unaweza kukosea mpigo mezani. Akawekewa dripu ya chumvi ya asilimia 0.9, kwanza mililita 180 kwa robo saa, kisha deni la maji likalipwa taratibu pamoja na potasiamu kwa mwendo usiozidi milimoli 0.5 kwa kilo kwa saa, ambayo kwake ni milimoli 9.

Eksirei haikuonyesha soksi. Pamba haizuii miale. Kwenye picha hufanana na chakula au na kivuli chenye vitundu vya hewa. Kinachosomwa ni utumbo wenyewe. Hapa kulikuwa na makundi mawili ya utumbo mwembamba: mikunjo iliyovimba kwa hewa na maji, na mingine myembamba, mitupu. Mkunjo mpana zaidi ulipimwa milimita 27, na kimo cha pingili ya tano ya kiuno milimita 12. Ukigawanya unapata 2.25. Chini ya 1.6 hutuliza moyo, juu ya 2 huashiria kuziba kwa nguvu. Picha za pande tatu zilipigwa, ikiwamo ile ya mbwa amelalia ubavu wa kushoto, ambapo hewa hupanda kwenye sehemu ya kutokea ya tumbo na kukizunguka kitu kilichojificha hapo. Ndani ya tumbo kulikuwa na kivuli cha ukubwa wa yai. Mbwa huyu hakuwa amekula tangu jana yake na alikuwa ametapika hadi nyongo. Kivuli kile kilihitaji maelezo.

Altrasaundi ilithibitisha kitu chenye uso mkali unaotupa kivuli cheusi kwenye utumbo mwembamba, na maji yakienda mbele na kurudi nyuma kabla yake. Hakukuwa na maji yaliyomwagika nje ya utumbo, kwa hiyo utumbo haukuwa umetoboka bado.

Hapo mwenye mbwa aliulizwa upya, na akakumbuka kwamba kwa majuma matatu mbwa alikuwa akitapika povu asubuhi mara moja moja. Alidhani ni majani aliyokula.

Mezani

Ngozi ilikatwa katikati ya tumbo, kuanzia chini ya kifua hadi kupita kitovu. Mkato mfupi ni tamaa mbaya hapa, kwa sababu daktari lazima apitishe vidole kwenye njia nzima ya chakula, kuanzia tumboni hadi utumbo mpana, hata kama amekiona alichokijia.

Soksi ya Ijumaa ilikuwa katikati ya utumbo mwembamba, imejikunja kama ngumi ya mtoto. Kabla yake utumbo ulikuwa umevimba na rangi ya zambarau. Baada yake ulikuwa mwembamba, wa waridi, na ukibanwa kidogo ulijikunyata. Mkato ulifanywa upande wa chini wa soksi, kwenye nyama hiyo nzima, upande usioshikwa na mishipa ya damu. Ukikata juu ya kitu chenyewe au kabla yake, unakata nyama iliyochoka kwa mgandamizo, na nyama hiyo haishiki uzi. Soksi ilivutwa taratibu kupitia mkato. Utumbo ulitandikwa kwenye vitambaa vyenye maji ya uvuguvugu na kungojewa. Dakika chache baadaye zambarau ilififia, mishipa midogo ikapiga, na mawimbi yakarudi. Isingekuwa hivyo, kipande hicho kingekatwa na ncha mbili kuungwa, upasuaji mrefu na wenye hatari kubwa zaidi.

Mkato ulishonwa kwa uzi mmoja usiosukwa, unaoyeyuka polepole, saizi 4-0, kila mshono ukishika unene wote wa ukuta, milimita 2 hadi 3 kutoka ukingoni na umbali kama huo kati ya mshono na mshono. Maji safi yalidungwa ndani huku pande mbili zimebanwa kwa vidole, kuona kama panavuja. Kisha utandu wa mafuta wa tumbo ukafunikwa juu yake. Utandu huo una damu nyingi na husaidia kuziba.

Vidole viliendelea hadi tumboni, na kile kivuli kikapatikana: soksi nyingine. Ilikuwa nyeusi, yenye utelezi, imekazana kama tambara la kusafishia baiskeli, na rangi yake ya asili haikuweza kutambuliwa. Ilikaa mle ikiziba lango na kuachia, ikiziba na kuachia, ndiyo maana ya povu la asubuhi. Kama daktari angeshona na kufunga baada ya ile ya kwanza, mbwa huyu angerudi mezani. Tumbo lilifunguliwa, soksi ikatolewa, likashonwa kwa tabaka mbili. Kama ingejulikana peke yake mapema, ingeweza kutolewa kwa mrija wenye kamera kupitia mdomoni bila mkato wowote. Glavu na vyombo vilibadilishwa kabla ya kufunga tumbo.

Kitu kimoja kilikosekana, tunashukuru. Mpira wa soksi ungekuwa umefumuka uzi na uzi huo kunaswa langoni, utumbo ungejivuta juu ya uzi kama kitambaa cha pazia kinavyokunjamana kwenye kamba yake. Kila wimbi hukaza, na uzi hukata ukuta kutoka ndani, mara nyingi mahali kadhaa. Kwa sababu hiyo, uzi ukionekana unaning'inia mdomoni au nyuma ya mbwa, hauvutwi. Unaachwa ulivyo, au mwisho unaoburuta hupunguzwa kwa mkasi, na mbwa hupelekwa. Kwa betri ya duara na kwa sumaku mbili au zaidi saa hizi zote 40 hazipo: betri iliyokwama kwenye umio huanza kuunguza ndani ya nusu saa, na sumaku hubana kuta mbili za utumbo kati yake hadi zitoboke.

Siku tano zinazofuata

Mbwa alipewa maji kidogo alipoamka vizuri, na chakula laini kisicho na mafuta baada ya saa 12. Kumnyima chakula siku mbili tatu ni mazoea ya zamani. Utumbo unaolishwa hupona upesi zaidi. Mahitaji yake akiwa amepumzika ni kama kilokalori 610 kwa siku, na siku ya kwanza alipewa theluthi yake, imegawanywa mara tano.

Mshono wa utumbo huwa dhaifu zaidi kati ya siku ya 3 na ya 5, wakati uvimbe wa kwanza unashuka na kovu halijakaza. Ndizo siku ambazo mwenye mbwa, akiona mbwa amechangamka, hulegeza macho. Jotoridi lipimwe asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Likipita 39.5, au mbwa akaanza kutapika tena, akakataa chakula alichokuwa akila jana, akavimba tumbo au akajificha, arudi kliniki saa ile ile, usiku ukiwa usiku. Kinyesi kinachovuja ndani huua kwa siku moja au mbili. Kukosa choo kwa siku mbili tatu baada ya upasuaji, kwa upande mwingine, si jambo la kuogopesha. Utumbo ulikuwa mtupu.

Avae koni shingoni, atembezwe kwa kamba tu, asiruke ngazi, mpaka nyuzi za nje zitolewe kati ya siku ya 10 na ya 14. Mbwa aliyemeza soksi mara mbili atajaribu mara ya tatu, kwa hiyo kikapu cha nguo chafu kipate kifuniko kinachofunga, na kwa matembezi avae kizuia mdomo cha wavu kinachomwezesha kuhema na kunywa. Soksi zihesabiwe kila zinapoanuliwa. Ikikosekana moja, saa ya kupiga simu imeshaanza kuhesabika.